Programu Huria za Kuchapisha Madokezo na Nyaraka Mtandaoni: Istilahi na Ulinganisho

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo leseni yake humruhusu mtumiaji kuiendesha kwa kusudi lolote, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha, na kuwagawia wengine nakala, iwe ya awali au iliyobadilishwa. Uzito wote wa istilahi hii unabebwa na kivumishi “huria”, nacho ndicho kinachofasiriwa vibaya mara nyingi. Wanafunzi wengi hukieleza kuwa ni “bure”. Lakini Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hakikuitwa hivyo kwa sababu hakitozi ada, na soko huria si soko ambalo bidhaa hugawiwa bila malipo. Huria ni hali ya kutofungwa na ruhusa ya mtu mwingine. “Bure”, kwa upande wake, lina maana mbili, “bila malipo” na “bila faida”, kama katika “alijisumbua bure”. Mfasiri anayeandika “programu ya bure” huiachia maana ya pili mlango wazi. “Chanzo huria” na “chanzo wazi” pia hutumika, hasa pale mkazo unapokuwa kwenye msimbo unaosomeka na si kwenye haki za mtumiaji.

Kiswahili hakikuchelewa sana katika uwanja huu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi wenye kiolesura cha Kiswahili. Kazi ya awali haikuwa ya kompyuta hata kidogo, bali ilikuwa ya kamusi: kuandaa orodha ya istilahi kabla ya kutafsiri menyu hata moja.

Madokezo, nukuu, nyaraka

“Dokezo” kwa asili ni jambo linaloguswa tu bila kufafanuliwa. Katika ofisi za serikali ya Tanzania dokezo ni andiko la ndani ambalo afisa humpelekea mkubwa wake, na “dokezo sabili” ni lile lisilofungwa ndani ya jalada. Darasani, mwanafunzi huandika “notsi” au “nukuu”. “Nukuu” kwa maana hiyo huleta utata, kwa kuwa neno hilo lina kazi nyingine mahususi, yaani kutaja maneno ya mtu kama alivyoyasema. “Madokezo” limezoeleka katika programu za simu, na linafaa: ni maandishi mafupi ya mtu, yasiyokusudiwa kuwa kitabu.

“Waraka” lina historia nzito zaidi, kutoka nyaraka za Paulo hadi waraka wa elimu unaobandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu. Wingi wake, “nyaraka”, umepata maana ya jumla: maandishi yote yanayoeleza kitu na jinsi kinavyotumika. “Hati” lina harufu ya sheria, kama hati ya nyumba au hati ya kusafiria, na halifai hapa. “Mwongozo” ni kitabu kimoja. Nyaraka zinaweza kuwa miongozo kumi pamoja na faharasa yake.

Na lipo neno “wiki”. Wiki ya siku saba ilitoka Kiingereza. Wiki ya mtandaoni ilitoka Kihawaii, katika neno lenye maana ya “haraka”, ambalo Ward Cunningham aliipa programu yake mwaka 1995. Ni homonimu halisi, na sentensi kama “wiki hii ina makosa” inamtaka mfasiri asome sentensi inayofuata kabla ya kuandika chochote.

Maneno ya shamba la ngoro

Ulinganisho wa zana hizi hauna maana bila kujua nani anachapisha nini, akiwa wapi. Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila mazingira yake ni halisi. Mwalimu wa Kiswahili katika kata ya Litumbandyosi, Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, amewatuma wanafunzi wake kwa miaka kadhaa kuwauliza wazee maneno ya kilimo. Amepata madaftari manne, picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, na ujumbe mwingi wa sauti katika kundi la WhatsApp. Simu moja imeshaharibika, na pamoja nayo umepotea mwaka mzima wa kazi.

Kiini cha mkusanyiko huo ni ngoro, kilimo cha Wamatengo katika miteremko mikali ya Mbinga. Majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana kama wavu; udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya majani, hata mteremko wote ukawa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua hutuama mashimoni badala ya kuporomosha udongo, na majani huoza kuwa mbolea chini ya matuta ambako hupandwa maharage, kisha mahindi. Kila hatua ina jina lake, na majina hayo anayajua vizuri yule aliyewahi kuifanya kazi yenyewe. Kijana anayekulia kwenye kahawa, au anayekwenda mjini baada ya kidato cha nne, hulijua neno “ngoro” na pengine halijui hata moja kati ya yanayolizunguka.

Hata hilo moja halikutulia. Katika maandishi ya watafiti hupatikana “ngoro”, “ngolo” na “ngolu”. Jina la kata yenyewe lina mfuatano wa “ndy”, ambao Kiswahili sanifu hakiujui. Kimatengo kina irabu saba, na wanaisimu huandika mbili kati yake kwa alama ɛ na ɔ. Ndivyo inavyohitajika kwa anayetaka kufuata kazi ya Nobuko Yoneda, ambaye msamiati wake wa Kimatengo ulichapishwa Tokyo mwaka 2006. Zana yoyote atakayochagua mwalimu huyu lazima ivumilie tahajia tatu za neno moja, herufi zisizo kwenye kibodi ya kawaida, wahariri wenye simu tu, na wasomaji ambao kifurushi cha intaneti huwaishia katikati ya mwezi.

Wiki za kwenye seva

Zana za kuchapisha zimegawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza hufanya kazi kama mama lishe anayesubiri agizo: msomaji akiomba ukurasa, seva huupika papo hapo. Ukoo wa pili hupika alfajiri na kufungasha. Anayefika hukabidhiwa kilicho tayari. Wa kwanza huhaririwa ndani ya kivinjari, hata cha simu. Wa pili huhitaji mtu mwenye kompyuta wa kuwasha jiko.

MediaWiki, ambayo historia yake inaanzia mwaka 2002, ndiyo inayoendesha Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, ambayo makala zake fupi za kata za Tanzania zinaitaja Litumbandyosi pia. Nguvu yake kubwa kwa kazi ya maneno ni elekezo: ukurasa wa “ngolo” unaweza kumpeleka msomaji moja kwa moja kwenye “ngoro”, bila nyongeza yoyote. Sehemu ya kiolesura chake imetafsiriwa kwa Kiswahili. Udhaifu wake ni uzito. Huhitaji hifadhidata, masasisho ya mara kwa mara, na mtu anayeelewa yote mawili. Isitoshe, kwa mpangilio wake wa awali huorodhesha kurasa za jamii kwa kufuata namba za herufi katika Yunikodi, kwa hiyo neno linaloanza na ɛ hutupwa baada ya z, hadi msimamizi aubadilishe mpangilio huo. Kwa shule moja ni ng'ombe mkubwa kwa zizi dogo.

DokuWiki, iliyotolewa na Andreas Gohr mwaka 2004, inastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi. Haina hifadhidata. Kila ukurasa ni faili moja la maandishi ya kawaida ndani ya folda, na matoleo ya zamani ya ukurasa huwekwa katika folda nyingine. Kuhifadhi nakala ya tovuti nzima ni kunakili folda, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuhamisha nyimbo kwenye kadi ya kumbukumbu analiweza. Seva ikizimwa kwa sababu ada ya mwaka haikulipwa, maneno hubaki yakisomeka kwa programu yoyote ya maandishi, miaka kumi baadaye, bila DokuWiki yenyewe. Hapo ndipo inapoipita MediaWiki kwa mbali, kwa sababu nakala ya hifadhidata isiyo na mtu wa kuifungua ni sawa na sanduku lililopotelewa na ufunguo. Upungufu wake ni kwamba elekezo la ukurasa hulazimu programu-jalizi, na alama zake za uandishi si zile za Markdown ambazo wengi wamezizoea.

BookStack, iliyoanza mwaka 2015, hupanga maandishi kwa rafu, vitabu, sura na kurasa, na mhariri wake hufanana na programu ya kuandikia barua. Mwalimu asiyependa alama za aina yoyote ataizoea kwa siku moja. Hata hivyo maneno hayapangiki vizuri kwa sura, na hifadhidata inarudi palepale.

Zinazojenga tovuti tuli

Tovuti tuli ni folda ya kurasa zilizokwisha kujengwa. Huweza kuwekwa kwenye seva hafifu kabisa, hata zile zisizotoza chochote, na hakuna hifadhidata ya kuvunjwa na wadukuzi. Mwandishi huandika mafaili ya maandishi, kwa kawaida kwa Markdown, mtindo uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004, kisha programu huyageuza.

Kati ya hizi Sphinx ndiyo iliyo karibu zaidi na roho ya kamusi. Ilitolewa na Georg Brandl mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya programu ya Python, na lugha yake ya asili ni reStructuredText, ambayo ni ngumu kuliko Markdown na hukasirishwa na nafasi moja iliyokosewa mwanzoni mwa mstari. Malipo ya ugumu huo ni faharasa ya istilahi iliyojengwa ndani yake. Vidahizo kadhaa vinaweza kushiriki fasili moja, kwa hiyo “ngoro”, “ngolo” na “ngolu” huandikwa kwa mistari inayofuatana na kuelezwa mara moja. Popote neno linapotajwa katika nyaraka, kiungo huweza kumrudisha msomaji kwenye fasili yake. Mafaili yaleyale hutoa tovuti, kitabu cha EPUB, na, kwa kupitia LaTeX, PDF ya kuchapwa karatasini.

Kwa watafsiri Sphinx ina jambo jingine. Hukata maandishi katika vipande vinavyowekwa kwenye mafaili ya PO, yaleyale yanayotumika kutafsiri menyu za programu nyingi huria. Fasili ya Kiswahili ikibadilika, programu hukiwekea alama kile kipande cha tafsiri ambacho sasa kina shaka, na mtafsiri hurekebisha hicho badala ya kusoma upya kitabu kizima. Katika Hugo, ambayo pia hushughulikia lugha nyingi bila nyongeza, tafsiri ni faili zima lililo kando ya lingine, na hakuna anayemwambia mtafsiri kwamba aya ya tatu ya upande wa pili ilibadilishwa mwezi uliopita.

Hugo, ya mwaka 2013, ni faili moja tu la kuendesha na hujenga maelfu ya kurasa kwa sekunde chache. Jekyll, ya mwaka 2008, ni mzee wa ukoo huu. MkDocs, ya mwaka 2014, ndiyo rahisi kujifunza kuliko zote: folda ya Markdown, faili moja la mipangilio, basi. Docusaurus, iliyotoka Facebook mwaka 2017, hutoa kurasa nadhifu, lakini kuijenga hutaka kupakua rundo kubwa la vifurushi tegemezi, na kurasa zake hubeba JavaScript nyingi. Kwa anayenunua intaneti kwa megabaiti si chaguo la kwanza. (“Kupakua” na “kupakia” si istilahi za kubuniwa: wali hupakuliwa chunguni na mzigo hupakiwa garini, na lugha ilichofanya ni kuhamisha vitenzi hivyo.)

Kusoma bila mtandao kunazitenganisha zana hizi kwa namna ambayo kurasa zao za matangazo hazielezi. Tovuti ya Sphinx ikinakiliwa kwenye kompyuta ya shule isiyo na intaneti, hufunguka, na sanduku lake la kutafutia hufanya kazi. Ya MkDocs hufunguka baada ya kubadilisha mpangilio mmoja wa anwani, lakini sanduku la kutafutia hunyamaza, kwa kuwa kivinjari hukataa kusoma faili lake la faharasa nje ya seva. Kamusi isiyotafutika ni orodha tu.

Ipo na TiddlyWiki ya Jeremy Ruston, ya mwaka 2004, isiyoingia katika ukoo wowote. Tovuti nzima, pamoja na mhariri wake, ni faili moja la HTML lenye megabaiti mbili na ushee likiwa tupu. Hutumwa kwa WhatsApp au kadi ya kumbukumbu na kufunguliwa bila seva. Tatizo huja watu wawili wanapohariri nakala mbili: hakuna njia nyepesi ya kuziunganisha, na mara nyingi kazi ya mmoja hufutwa na ya mwingine bila mtu kujua. Humfaa mtu mmoja.

Kutafuta, na tatizo la ng'

Programu hizi zilitungwa na watu wanaotafuta maneno ya Kiingereza, na hilo huonekana. Kitafutio cha MkDocs na cha Sphinx hupunguza maneno hadi kwenye shina kwa kanuni za lugha maalumu, na Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha zao. Kwa kukosa kanuni zake hutumika za Kiingereza, ambazo hukata mkia wa neno. Kiswahili hubadilisha hasa kichwa: katika MkDocs anayetafuta “shimo” hapati “mashimo”, na anayetafuta “lima” hapati “walilima”. DokuWiki hukubali nyota mwanzoni na mwishoni mwa neno, kwa hiyo “*shimo*” huyapata yote, mradi msomaji ameelezwa hivyo kwenye ukurasa wa kwanza.

Dawa isiyotegemea programu ni kuacha desturi moja ya kamusi za karatasi. Zilizoea kubana nafasi kwa kuandika “shimo nm ma-”. Mtandaoni nafasi ni rahisi. Kidahizo kiandikwe “shimo, mashimo” kwa ukamilifu, na kitenzi kiambatane na minyambuliko yake mikuu iliyoandikwa yote.

Kuna mtego mdogo zaidi, nao umeharibu faharasa nyingi. Kitone cha juu katika “ng'ombe” kinaweza kuwa kile kilichonyooka cha kibodi, au kile kilichopinda cha wachapaji. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Sphinx, Hugo na Jekyll, zisipoambiwa vinginevyo, hugeuza kilichonyooka kuwa kilichopinda ili ukurasa upendeze, na msomaji anayenakili neno ukurasani na kulitafuta katika faili la asili halioni. DokuWiki kwa mpangilio wake wa awali hugeuza alama za mabano mawili ya kunukuu tu na kukiacha kitone kimoja kama kilivyo. MkDocs haigusi chochote. Katika hizo tatu za kwanza ugeuzaji huzimwa kwa mstari mmoja wa mipangilio, na mstari huo unapaswa kuandikwa kabla ya neno la kwanza kuingizwa. Simu nazo huwa na tabia zao, kwa hiyo kundi la wahariri likubaliane alama moja na kuikagua kila mara.

Mwenye nia ya kutunga kamusi kamili ya Kimatengo, yenye toni, ngeli na mifano, atafika mahali ambapo zana zote hizi hazitoshi. Hapo atahitaji programu ya kamusi kama FLEx ya shirika la SIL, ambayo nayo ni huria, na ambayo data yake huweza kuchapishwa mtandaoni kupitia Webonary. Kujifunza kwake huchukua wiki (za siku saba) kadhaa.

Leseni mbili, si moja

Leseni ya zana haihusiani na leseni ya maandishi. DokuWiki ipo chini ya GPL na BookStack chini ya MIT, lakini fasili zilizonakiliwa kutoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu haziwi huria kwa kuwekwa ndani yake. Mchapishaji ataje waziwazi masharti ya maandishi yake mwenyewe. Leseni za Creative Commons ndizo zinazotumika zaidi, na ile inayodai mtunzi atajwe na kazi tanzu zibaki na masharti yaleyale ndiyo ya Wikipedia. Sauti na majina ya wazee waliotoa maneno ni suala jingine: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ridhaa iliyotolewa kwa mwanafunzi mwenye daftari si ridhaa ya kusikika dunia nzima.

Kwa kundi la walimu na wanafunzi wenye simu, kama lile la mfano wa Litumbandyosi, DokuWiki ndiyo yenye hoja nzito zaidi. Kwa mtafsiri mmoja mwenye kompyuta na subira, Sphinx. Chaguo lolote lile lijaribiwe kwa maneno kumi kabla ya mia nne: moja lenye ng', moja lenye ɛ, “ngoro” kwa tahajia zake zote tatu, jina la kata, na mengine ya kawaida. Kisha nakala ya folda ipelekwe kwenye simu ya mtu mwingine, data izimwe, naye aombwe kulitafuta neno “mashimo”.